Kosa Likipatikana, Programu Ifanye Nini?

Hebu ikumbuke asubuhi ya siku ya kufungua shule. Umefika langoni na sanduku lako kichwani, mwalimu wa zamu amesimama pale na orodha mkononi. Anakutazama miguuni na kuona soksi si za shule. "Rudi ukanunue soksi." Unarudi mjini, unanunua, unafika tena saa sita. Sasa anakutazama kichwani. "Nywele hizi? Nenda kwa kinyozi." Unakwenda, unarudi saa tisa jua likikuchoma utosi. Ndipo anapokuuliza risiti ya karo, nawe umeisahau nyumbani juu ya meza. Ala! Si angeyataja yote matatu asubuhi ile ile, ukayamaliza kwa safari moja?

Sasa mfikirie mwalimu mwingine, mpole kupita kiasi. Huyu akikuona na soksi mbaya hasemi neno. Anakupungia mkono upite, kisha kimyakimya analikata jina lako katika orodha ya bweni. Wewe unaingia kwa furaha, unasalimiana na wenzako, na saa nne za usiku unagundua huna kitanda.

Walimu hawa wawili wanakagua vitu vile vile kwa kanuni zile zile. Tofauti yao inaonekana baada ya kosa kupatikana. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulizungumzie katika makala haya, kwa sababu sisi wenyewe wa Chama cha Kiswahili tuliandika programu ya tarakilishi iliyokuwa kwanza kama mwalimu wa soksi, kisha tukaigeuza ikawa kama mwalimu mpole. Yaliyotufika mtayasikia.

Tulikuwa tunaandaa kongamano la mwaka jana. Shule 8 zilialikwa, na kila shule ilituletea orodha ya washiriki wake kwa faili ya jedwali: jina, kidato, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, na nafasi ya mwisho tuliyoiita "asichokula", ili wapishi wajue nani hali nyama na nani hali njugu. Orodha zote zilikuwa na mistari 214. Kuzikagua kwa macho ni kazi ya kupofusha, basi mimi na wenzangu wawili wa somo la Kompyuta tukaamua kuandika programu kwa lugha ya Python, tukitumia maktaba iitwayo Pydantic.

Neno "maktaba" lisikupotoshe. Hapa hakuna rafu wala wa kukunyamazisha. Waandishi wa programu huita maktaba ule mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, nawe ukauazima ili usianze kazi tangu sifuri. Pydantic ilianzishwa na Samuel Colvin mwaka 2017, na toleo lake la pili, ambalo kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya Rust, lilitoka mwaka 2023. Kazi yake ni kukagua data. Unaielezea data nzuri inafananaje, nayo hulinganisha kila kitu kinachoingia na maelezo yako. Maelezo yetu yalikuwa hivi (haya ni ya sasa, baada ya kurekebishwa):

class Mshiriki(BaseModel):
    model_config = ConfigDict(
        extra="forbid",
        str_strip_whitespace=True,
        hide_input_in_errors=True,
    )
    jina: str = Field(min_length=1)
    kidato: int = Field(ge=1, le=4)
    tarehe_ya_kuzaliwa: date
    simu_ya_mzazi: str
    asichokula: str | None = None

Hata kama hujawahi kugusa Python, unaweza kuyasoma. Jina ni maandishi yasiyo matupu. Kidato ni namba kamili, isiyopungua 1 wala kuzidi 4. Tarehe ni tarehe. Simu tumeiita maandishi kwa makusudi, maana ukiiita namba, ile sifuri ya mwanzo hupotea. Kwa tarakilishi 0712 na 712 ni namba moja. Nafasi ya mwisho yaweza kukosekana. Ile mistari mitatu ya juu, ndani ya ConfigDict, ndiyo mipangilio, nami nitaieleza mmoja baada ya mwingine kadiri tutakavyokutana na balaa lililotufundisha.

Tuanze na kinachotokea kosa linapopatikana. Pydantic hukusanya makosa yote ya kitu kimoja, kisha hurusha hitilafu moja iitwayo ValidationError yenye orodha ndani yake. Kila kosa katika orodha hiyo lina aina yake, mahali lilipo, ujumbe wa kulieleza, na thamani iliyoingia. Kwa hiyo mshiriki akiwa na kidato kibaya na tarehe mbaya pia, utaambiwa yote mawili kwa pamoja. Si maktaba zote zina tabia hii. Joi, inayotumiwa na waandishi wa JavaScript, husimama kwenye kosa la kwanza usipoiambia vinginevyo kwa kuweka abortEarly kuwa false. Pandera, inayokagua majedwali ya data, nayo husimama kwenye kosa la kwanza mpaka uiandikie lazy=True. Ukiazima maktaba yoyote ya ukaguzi, swali la kwanza la kuliuliza ni hilo: huyu ni mwalimu wa soksi au wa yote kwa pamoja?

Lakini hitilafu ikirusha na hakuna wa kuidaka, programu nzima huanguka. Hapo ndipo sisi tulipokosea mara ya kwanza. Tulichukua orodha nzima ya shule moja tukaikagua kama kitu kimoja. Mshiriki mmoja akikosea, orodha yote ya shule hiyo hurudi, hata kama wenzake 30 wameandika vizuri kama wino wa mkataba. Shule ya kwanza ilirejeshewa orodha yake mara nne. Mwalimu wao alitupigia simu, na kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele akauliza kama kweli tunataka waje.

Basi mwenzetu mmoja, kijana mwerevu na mwenye haraka, akakaa na tarakilishi usiku wa prepu akatuletea "dawa". Kila mstari sasa ulikaguliwa peke yake, jambo ambalo ni jema. Ila mahali pa kudakia hitilafu aliandika neno moja tu la Python: pass. Maana yake, ukikutana na kosa, pita. Usiseme kitu, usiandike kitu, endelea na mstari unaofuata. Programu ikaenda kama maji. Hakuna malalamiko, hakuna simu. Tukapigana pambaja!

Siku ya kongamano ikafika. Wageni wakajipanga mezani kuchukua kadi zao za majina. Wengi walipata. Lakini kila mara mmoja wao alikuwa akisogea pembeni, anangoja, akidhani kadi yake iko katika fungu lingine. Mwisho wakawa 9 wamesimama pale chini ya mwembe. Hawakuwa na kadi, hawakuwa katika hesabu ya chakula, na vyeti vyao havikuchapishwa. Nilipewa kazi ya kuandika majina yao kwa mkono. Ng'ang'a. Ong'era. Nyang'au. Ng'eno. Nilipofika jina la tano kalamu ikanitetemeka, kwa sababu nilijua tayari.

Tulikuwa tumeiambia programu kwamba jina huundwa kwa herufi A hadi Z na nafasi wazi tu. Tulifikiri tunazuia watu kuandika namba kwenye nafasi ya jina. Tulichozuia kilikuwa ng'. Chama cha Kiswahili, jamani! Sisi tunaoimba ng'ombe, ng'ambo na kung'oa tangu darasa la kwanza, tuliandika programu isiyoijua sauti hiyo, kisha tukaiamuru inyamaze kila inapoikuta. Mmoja wa wale 9 aliniambia kwamba amekwisha kuzoea. Fomu za mtandaoni humkatalia jina lake mara kwa mara, na siku hizi huliandika bila kile kialama ili mambo yaende. Alisema hivyo bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wahenga walinena kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni kweli, lakini ili usirudie kosa sharti kwanza ujue umelifanya. Ile pass ilituondolea nafasi ya kujua. Kama programu ingeanguka, tungekasirika usiku huo na kulipata tatizo usiku huo huo.

Msidhani haya ni ya wanafunzi wa shule tu. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Korona umepamba moto, matokeo ya watu 15,841 waliopatikana na virusi hayakuingia katika hesabu ya taifa kwa wakati wake. Faili za majedwali zilizotumika zilikuwa za muundo wa zamani wa Excel usioweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa. Faili haikulalamika, na waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa wale hawakufuatiliwa kwa haraka iliyohitajika. Wataalamu wazima, serikali nzima, na kosa ni lile lile la mwalimu mpole wa langoni.

Ukinyamaza, basi, umeumia. Je, tuseme programu isimame kabisa kila kosa linapotokea? Hilo nalo lina hatari zake, na mfano wake mkubwa ni roketi. Tarehe 4 Juni mwaka 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti. Ndani yake mlikuwa na chombo cha kupima mwelekeo, ambacho programu yake iliazimwa kutoka Ariane 4. Mahali fulani programu hiyo ilijaribu kuibana namba kubwa ya desimali katika nafasi ya namba kamili ya biti 16, ambayo haizidi 32,767. Ariane 4 ilikuwa haiifikishi namba ile huko. Ariane 5, yenye mwendo wa kasi zaidi, iliifikisha. Kosa likatokea, na mpangilio wa chombo ulikuwa kwamba kosa likitokea, chombo kizime. Kikazima. Chombo cha akiba kilikuwa na programu ile ile, na kwa sababu hiyo hiyo kilikuwa kimekwisha kuzima sehemu ndogo ya sekunde kabla yake.

Kilichofuata ndicho kinachonisisimua kila ninapokisoma. Chombo kilipokuwa kinazima kilituma taarifa ya kosa lake, na tarakilishi kuu ya roketi ikaisoma taarifa ile kana kwamba ni vipimo vya safari. Roketi ikajipinda ghafla kurekebisha upotofu ambao haukuwapo, ikavunjika na kulipuka, sekunde 40 hivi tangu iondoke. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba hesabu ile iliyoharibu mambo haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka ardhini.

Mimi huona mafunzo mawili pale kwa mtu anayepanga ushughulikiaji wa makosa. Kuzima ni uamuzi, nao hufaa pale tu ambapo kuna mwingine wa kuishika kazi. Na taarifa ya kosa ni lazima ipite njia yake yenyewe, mbali na njia ya data, ili asitokee wa kuila kama chakula.

Turudi kwenye kongamano letu. Mwaka huu tuliandika upya ile sehemu ya kudaka, ikawa hivi:

for namba, mstari in enumerate(mistari, start=2):
    try:
        wazuri.append(Mshiriki.model_validate(mstari))
    except ValidationError as e:
        wa_kurejeshwa.append((namba, e.errors(include_input=False)))

Mistari mizuri inaingia kapu moja, mibaya inaingia kapu la pili pamoja na maelezo ya makosa yake yote. Hakuna mstari unaotupwa. Mwishoni programu inajumlisha makapu mawili na kulinganisha na idadi ya mistari iliyoingia. Zisipolingana, hapo ndipo inaposimama na kukataa kutoa orodha yoyote. Hesabu hii ya kitoto ingetuokoa mwaka jana: 214 ziliingia, kadi 205 zikatoka, na hakuna aliyetoa moja katika nyingine.

Pengine unajiuliza kwa nini tunaanza kuhesabu kwa 2. Tarakilishi huhesabu kutoka 0. Ukiikabidhi Pydantic orodha nzima, ikikwambia kosa liko mahali pa 3, ina maana ya mtu wa nne, na mtu wa nne katika jedwali yuko mstari wa 5, kwa vile mstari wa kwanza ni wa vichwa. Mwaka jana tuliwahi kumwambia mwalimu wa watu arekebishe mstari wa 3, akatazama, akauona hauna doa, akatuona sisi ndio wenye doa. Taja mahali kwa hesabu ya anayesoma, si kwa hesabu ya mashine.

Ujumbe nao una mambo yake. Jumbe za Pydantic ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha waandishi wa programu. Jina likigongana na kanuni ya herufi, mwalimu wa shule jirani hupokea sentensi inayomtaka alinganishe maandishi yake na mabano na vialama kama hirizi ya mganga. Dawa yake si ngumu. Kila kosa lina jina la aina yake lisilobadilika, mathalani missing kwa safu isiyokuwapo, int_parsing kwa maandishi yaliyoshindwa kugeuka namba kamili. Tulitengeneza kamusi ndogo: aina upande mmoja, sentensi ya Kiswahili upande wa pili. Badala ya ule ujumbe wa asili, mwalimu anapata: "Mstari wa 5, kidato: andika tarakimu, kwa mfano 3, wala si 'cha Tatu'." Aina isiyokuwamo katika kamusi yetu huachwa na Kiingereza chake. Afadhali ujumbe mgeni kuliko ukimya.

Angalizo moja hapa, maana lilitupotezea jioni nzima: nafasi tupu katika jedwali haihesabiwi kuwa imekosekana. Safu ipo, ila ndani yake mna maandishi yenye urefu wa sifuri, na hayo ni maandishi halali! Jina tupu hupita likitabasamu. Ndiyo sababu ya ile min_length=1. Wakijaza nafasi wazi badala ya jina, str_strip_whitespace huzipangusa kwanza, halafu urefu hupimwa.

Sasa extra="forbid". Kwa kawaida Pydantic ikikuta safu isiyoitambua, huipuuza. Ni tabia ya heshima, kama mgeni asiyeuliza kwa nini ukutani kuna picha iliyopinda. Shule moja mwaka huu iliandika kichwa cha safu ya mwisho "vyakula asivyokula" badala ya "asichokula". Kwa mpangilio wa kawaida, safu hiyo ingepuuzwa kama ya ziada, na kwa kuwa nafasi yetu ya "asichokula" yaweza kukosekana, kila mshiriki wa shule hiyo angeandikwa kuwa hana anachokikataa. Katika orodha hiyo mlikuwa na msichana anayevimba koo akila njugu, na siku ya kongamano wapishi walikuwa wamepanga mboga za kienyeji za kupakwa njugu. Programu ilikataa kwa sababu ya neno lile moja, forbid. Tulilijaribu tena baadaye bila neno hilo, kwa majaribio tu, na jina lake likapita kama la wengine. Sote watatu tulitazama kioo bila kusema kitu.

Ila mpangilio huo ulileta adha yake. Kichwa cha safu kikikosewa, kila mstari hutoa kosa lile lile, na shule yenye washiriki 30 hupokea karatasi yenye malalamiko 30 yanayofanana. Mtu akiona hivyo hasomi hata moja. Kwa hiyo tukaamua vichwa vikaguliwe kwanza, peke yake, na vikiwa na kosa programu isimame pale pale na kutaja kosa hilo mara moja. Naam, hapa tumemrudia mwalimu wa soksi, na hapa ana haki: ikiwa kosa la kwanza ndilo linalozaa mengine, hakuna faida ya kuwasomea watu watoto na wajukuu wake.

Mpangilio uliobaki ni hide_input_in_errors, na huu tulifundishwa na mwalimu wetu mlezi. Pydantic ikichapisha kosa huonyesha pia thamani iliyoingia, ili mwandishi wa programu aone kilichoharibika. Ni msaada mkubwa ukiwa peke yako. Lakini safu ikikosekana, "thamani iliyoingia" ni mstari mzima wa mtu huyo, au kipande chake ukiwa mrefu. Sisi tulichapisha makosa yote tukayabandika kwenye ubao wa chumba cha tarakilishi ili wanachama wagawane kazi ya kuyarekebisha. Mwalimu akapita, akasoma, akabandua karatasi bila kuuliza. Zilikuwamo simu za wazazi wa watu na tarehe zao za kuzaliwa. Akatueleza kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwamba habari za watoto zimewekewa masharti ya pekee humo, ikiwemo idhini ya mzazi au mlezi. Tangu siku hiyo tunaificha. Mjue tu kwamba mpangilio huo huficha katika maandishi yanayochapishwa; ukiiita orodha ya makosa kwa errors(), thamani bado imo, na ndiyo sababu ya ile include_input=False mliyoiona juu.

Kwa wale mtakaoandika kanuni zenu wenyewe za ukaguzi, neno la haraka. Ndani ya kanuni yako, ukiona kosa rusha ValueError, nayo Pydantic itaidaka na kuiunganisha na makosa mengine. TypeError haidakwi hivyo katika toleo la pili; itakupita na kuangusha programu. Assert hukubaliwa, lakini Python ikiendeshwa kwa alama ya -O huruka assert zote, na kanuni yako inakuwa kama mlinzi aliyelala.

Na majina? Tulifuta ile orodha ya herufi zinazoruhusiwa. Badala yake tunakataa kile tunachojua ni kibaya, yaani tarakimu ndani ya jina, na yaliyobaki tunayapokea. Kumbe hata hapo mambo hayakwisha. Baadhi ya simu huandika kile kialama cha ng' kikiwa kimejipinda, na kwa tarakilishi kilichopinda na kilichonyooka ni alama mbili tofauti kabisa. Hivyo mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, kwa simu na kwa kompyuta ya shule, alionekana kuwa watu wawili. Sasa tunavigeuza vyote kuwa kimoja kabla ya ukaguzi kuanza, kwa kanuni inayotangulia nyingine zote.

Orodha za mwaka huu zilikuwa na mistari 231. Kapu la kurejeshwa lilipata 3. Wawili walikuwa wameandika tarehe kwa mtindo wa 03/04/2009, nasi hatukutaka kubahatisha kama ni Machi au Aprili, tukawauliza. Wa tatu shule yake ilikuwa imemjaza kidato cha 5. Katibu alipopiga simu aliambiwa huyo si mwanafunzi, ni mwalimu wa zoezi anayekuja na kundi, na hawakuona nafasi nyingine ya kumwandika. Tukamtengenezea kadi kwa mkono, na jioni ile tukaongeza safu ya walimu.